Pindo la Gauni la Shule

"Fundi, hilo pindo lote unamwekea nani?"

Aliyeuliza ni jirani yake wa ukuta mmoja, muuza mkaa, ambaye mtaa mzima tulimwita Mama Mkaa. Alikuja kuchukua sare ya binti yake. Akamkuta Fundi ameinamia cherehani, gauni la shule la bluu limegeuzwa ndani nje, na pindo lake limekunjwa nene kama mkanda wa askari.

Fundi akajibu bila kuinua kichwa, "Namwekea mwenye gauni."

"Mwenye gauni yupi? Huyu wako?" Mama Mkaa akacheka. Hakucheka kwa ubaya, ndivyo alivyozoea, kifua chote kinatikisika. "Dada yangu, mtoto wako nguo ya mwaka juzi mpaka leo inamtosha. Kata hicho kitambaa unishonee mimi leso nifutie masizi."

"Atarefuka."

"Haya. Mungu hashindwi," akasema Mama Mkaa, akachukua sare yake akaondoka. Ilikuwa imeshonwa kubwa makusudi, kwa sababu binti yake alikuwa akirefuka kama mwanzi.

Mimi nilikuwa pale kwenye benchi nikingoja zipu ya sketi. Nikamwona Fundi anakata uzi kwa meno, na mkasi uko mbele yake.

Huyu Fundi alikuwa mtu wa maneno machache na mikono safi. Cherehani yake aliiweka mlangoni kabisa, nusu ndani nusu barazani, ili apate mwanga. Akikutazama mara moja anajua kiuno chako na bega lako lililoinama. Alishona sare za shule za mtaa wetu wote, kwa hiyo vimo vya watoto wetu alivijua kuliko sisi tuliowazaa. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa foleni ilijaa barazani. Huyu aongezewe pindo, huyu mikono imekuwa mifupi, huyu ametoka kifua. Fundi anapita na futi yake, anapima watoto wa watu. Na wa kwake, binti wa pekee, amekaa kwenye kigoda kando ya cherehani, ameshika kopo la pini.

Mtoto alizaliwa vizuri, mnene, wa kubebwa na kila mtu. Hajaanza hata kutembea sawasawa, vidole vyake vikavimba kama ndizi mbivu, akawa analia hashikiki. Hospitali wakapima damu, wakasema ni selimundu. Nesi aliwaeleza wazazi wote wawili kwa utaratibu. Chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinanasa kwenye mishipa, na pale zinaponasa ndipo panapouma. Akasema pia kwamba ugonjwa huo mtoto haupati kwa mzazi mmoja. Baba ametoa na mama ametoa.

Mume wa Fundi akacheka. "Mke wangu, kumbe kuna kitu tumechangia sawa."

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kliniki.

Alikuwa kinyozi, na chumba chake cha kunyolea kilikuwa ubavuni mwa baraza hiyo hiyo. Hakuna mtu aliyekuwa na utani mtaani kama Kinyozi. Watu walikwenda kunyoa na nywele hawana, wapate kucheka tu. Lakini maumivu yalipompata mtoto, akaanza kupiga kelele ndani, Kinyozi alikuwa akiwasha mashine ya kunyolea hata kama kitini hakuna kichwa. Inanguruma peke yake mkononi mwake mpaka kule ndani kumenyamaza. Wateja walizoea. Walijua mashine ikiwaka na kiti ni kitupu, mtoto yuko kwenye maumivu.

Fundi yeye alikuwa na neno lake moja. Alimpakata mtoto, akaweka mdomo sikioni, akamwambia, "Itapita."

Mtoto anauliza, "Imefika wapi, mama?"

"Imefika magotini. Inashuka."

"Na sasa?"

"Iko kwenye vidole. Inatoka. Haya, inatoka."

Na mtoto anasema, "Imetoka." Wakati mwingine haijatoka, unamwona kabisa miguu inatetemeka, lakini mama amesema inatoka, basi anatulia. Dawa za hospitali zilikuwepo, sikatai. Ila mtoto yule alilishika neno la mama yake kama mtu aliyetumbukia kisimani anavyoshika kamba.

Akaanza shule, akapanda madarasa, akili anazo. Kimo hakuna. Ugonjwa huo unachelewesha watoto. Siku moja kliniki daktari mgeni akamsimamisha kwenye fimbo ya kupimia ukutani, akatazama, akamwambia nesi, "Andika palepale."

"Palepale wapi?" mtoto akauliza.

Hawakumjibu. Walikuwa wameshamwita mwingine.

Waliporudi nyumbani alikataa vidonge. Alivisukuma kwa kidole mpaka vikaangukia chini ya cherehani. "Kama ni palepale, vya nini?" Fundi akabembeleza, akatisha, akalia. Mtoto akafunga mdomo. Siku ikapita, na nyingine, macho yakaanza kuwa ya njano.

Basi hapo ndipo Fundi alipofanya lile jambo. Mtoto akiwa anaoga, akachukua gauni la shule, akafumua pindo, akalikunja juu kwa upana wa kidole, akashona, akalipiga pasi kwa kitambaa kibichi hata mkunjo usijulikane. Asubuhi mtoto akavaa. Fundi akaweka mkono kiunoni.

"Hebu simama. Mbona gauni limekuwa fupi?"

Mtoto akatazama magoti yake. Jana yalikuwa yamefunikwa.

"Unaona? Vile vichache ulivyomeza vimefanya kazi."

Mtoto alivimeza vidonge bila maji. Akakimbia kwa baba yake huku ameshika pindo. "Baba! Nimerefuka!" Kinyozi akawaambia wateja, "Mwoneni huyo, keshokutwa atagonga kichwa mlangoni." Wakacheka, na mtoto akacheka kuliko wote.

Jioni Kinyozi akasimama mlangoni kwa mkewe. "Umelikunja wewe."

"Nyamaza."

"Mimi nikifanya utani unaninunia wiki nzima. Huu wako ni nini?"

"Wangu anameza dawa."

Kinyozi akarudi kwenye chumba chake. Tangu hapo, kila mara mtoto alipoanza kulegalega kwa vidonge, gauni lilipungua kidogo. Fundi mwingine angekata kile kitambaa cha ziada, mambo yakaisha, hakuna wa kujua. Huyu hakukata. Alikikunja kwa ndani, mkunjo juu ya mkunjo, kwa sababu alisema moyoni kuna siku mtoto atarefuka kweli, na siku hiyo kitambaa kitahitajika. Ndicho Mama Mkaa alichokiona.

Utani aliosema Kinyozi ni huu. Mteja akimuuliza, "Bwana, mtoto wako mbona mdogo hivi?" anajibu, "Mke wangu si fundi? Siku ile kitambaa kilimwishia, akashona kipande kilichobaki."

"We Kinyozi mbaya!"

"Mbaya nini? Nusu shari si afadhali kuliko shari kamili? Geuza kichwa."

Nadhani, na Mungu ndiye ajuaye, alikuwa anawahi kusema yeye kabla hawajasema wengine. Lakini utani ukishatoka kwenye kiti cha kinyozi hauna mwenyewe. Watoto wakaanza kumwita binti yake Kipande. Na mwalimu wa darasa lake naye alikuwa mteja pale.

Darasani kwao walikaa kwa vimo, wafupi mbele na warefu nyuma, ili wote waone ubao. Binti wa Mama Mkaa alikaa benchi la mwisho, na huyu wetu alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Alitamani benchi lile kama mtu anavyotamani pepo. Asubuhi moja, gauni likiwa limepanda juu ya magoti, akamfuata mwalimu mbele ya wote.

"Mwalimu, naomba nihamie nyuma. Nimerefuka. Gauni langu linakuwa fupi kila wakati."

Mwalimu alikuwa na alama za chaki kwenye mwimo wa mlango, alizopiga shule ilipofunguliwa, kila mtoto na alama yake. Akasema, "Haya, njoo tuone." Akamsimamisha, akamwekea kitabu utosini.

Palepale.

"Labda umeinama," akasema mwalimu. Mtoto akajinyoosha mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Palepale.

Binti wa Mama Mkaa akasema kutoka nyuma, na sijui kama alitaka kumsaidia au kumuumbua, watoto hawajui tofauti, "Mwalimu, si yeye. Ni gauni. Mama amesema limekunjwa kwa ndani." Akaja mbio akalishika pindo akaligeuza. Kitambaa kikaonekana kimerundikana humo.

"Jamani! Pindo lote hili! Mama yake amelikunja!"

Darasa likapasuka. Wengine walipanda juu ya madawati waone. Mwalimu naye alicheka, akijaribu kujizuia kwa kiganja, akashindwa. "Njia ya mwongo fupi," akasema, "fupi kama gauni lake. Haya, rudi mbele, Kipande."

Alirudi mbele. Akaandika kazi yote ya siku ile, akapata alama nzuri.

Nyumbani hakulia. Akasimama mbele ya cherehani akamwambia mama yake, "Nipe wembe."

"Wa nini?"

"Wa kufumulia."

Fundi akajua. Nguvu za kumnyima hakuwa nazo. Mtoto akavua gauni, akakaa na shimizi kwenye kigoda chake, akaanza kufumua kama alivyofundishwa, uzi mmoja baada ya mwingine, bila kuchana kitambaa. Kila mkunjo ulikuwa na uzi wake, huu bluu iliyoiva, huu bluu mpauko. Akazipanga nyuzi juu ya meza ya cherehani.

"Huku ndiko nilikorefukia, mama?"

"Nilitaka umeze dawa."

"Ungeniambia nimeze."

"Nilikuambia ukakataa."

"Si ungenipiga? Wenzangu wanapigwa."

Akalivaa. Likamfika chini ya mashavu ya miguu, limejaa mistari ya mikunjo. Ndipo Kinyozi akaingia, nywele za watu zimemjaa mabegani, akaona gauni refu, akafungua mikono. "Eeh! Bibi harusi wangu, bwana yuko wapi?"

"Baba," mtoto akasema kwa adabu, "mwalimu anakusalimu. Na mimi amenisalimu. Ameniita Kipande."

Mikono ya Kinyozi ikabaki hewani. Akatoka. Baada ya muda tukasikia mashine inanguruma, na siku hiyo ndani kulikuwa kimya.

Wiki ile ile mvua ikanyesha, baridi ikaingia, maumivu yakaja makubwa. Wakamkimbiza hospitali. Wodini wakamtundikia dripu. Fundi akapanda kitandani nusu, akaweka mdomo sikioni kama siku zote.

"Itapita, mwanangu. Imefika magotini. Inashuka."

Mtoto akageuza uso akamtazama. "Umejuaje?"

Fundi akamvutia shuka miguuni.

"Umejuaje kama inashuka? Unaiona?" Meno yanagongana, lakini maneno yanatoka moja moja. "Toka hapo mama. Niitie nesi. Nesi akisema itauma, inauma."

Nesi akaja. Akasema, "Itauma sana mpaka dawa ishike." Mtoto akamshika nesi mkono. Fundi akashuka kitandani, akaenda kukaa ukumbini kwenye benchi la chuma.

Hapo ndipo Kinyozi alipomkuta. Alikuja na aproni yake, hakuivua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia jengo lile tangu siku ya utani wa kuchangia sawa. Nilikuwa nimemletea Fundi uji, nikawasikia, na wodi nzima iliwasikia.

"Unakaa huku, mtoto yuko kule?"

"Amenifukuza."

"Lazima akufukuze. Umemfanya kichekesho."

"Mimi? Jina la Kipande ametoka nalo tumboni mwangu?"

"Ni utani!"

"Basi cheka. Ulicheka siku ile nesi aliposema, cheka na leo. Nusu ni yako. Kila akilia, nusu ni yako."

"Ningejua, nisingekuoa."

"Ungejua, angezaliwa na nani mwingine? Ungechukua mwenye damu nzuri, umcheke na yeye?"

Nesi akatoka akiwa na trei mkononi. "Jamani, hilo ni pazia, si ukuta. Anawasikia."

Kinyozi akajifuta uso kwa aproni, akaacha nywele za watu zimemganda shavuni, akaingia. Akajaribu kusema jambo la kuchekesha kuhusu chupa ya dripu. Mtoto akacheka kidogo kwa heshima, kama mteja. Kisha akamwambia, "Baba, nenda kazini."

Mtoto alitoka hospitali amebadilika. Vidonge alivimeza mwenyewe, bila kukumbushwa. Fundi alipata alichokuwa akikitafuta kwa hila zote zile. Gauni lilirudishwa pindo la kawaida, mtoto mwenyewe akishika futi na kusoma namba kwa sauti. Na kelele zikaisha. Ukimuuliza, "Unaumwa?" anajibu, "Siumwi." "Unajisikiaje leo?" "Mzima, shikamoo."

Mtaa ulifurahi. Mama Mkaa alipita barazani akasema, "Fundi, tumshukuru Mungu, siku hizi hata kilio hatusikii. Amekuwa jasiri." Mashine ya Kinyozi ikawa haiwaki bila kichwa. Alianza hata kunenepa.

Fundi peke yake ndiye hakufurahi, na sababu aliiona kwenye nguo. Kola ya gauni la mtoto ilikuwa imetafunwa. Upande wa kushoto uzi umetoka, kitambaa kimekuwa na matundu ya meno. Akaibadilisha kola. Baada ya muda ile mpya nayo ikawa hivyo hivyo.

"Mwanangu, hii kola inaliwa na nini?"

"Panya."

Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu hakukua kimo, lakini kwa kuficha ukweli alikua.

Ikafika asubuhi moja yenye foleni barazani. Fundi anapima, mtoto yuko kwenye kigoda na kopo la pini. Mtu akaomba pini. Kopo likaanguka, pini zikatawanyika sakafuni, na yeye akaanguka juu yake. Alipoinuliwa mwili ulikuwa moto kama pasi, na pini zimemchoma mkononi hata hakushtuka.

Daktari akauliza, "Homa hii ameanza nayo lini?"

"Hakuniambia."

"Anasema nyonga ilikuwa inamuuma muda mrefu. Mama mzazi, unakaa naye chumba kimoja, hujui?"

Fundi akatazama futi iliyokuwa bado inaning'inia shingoni mwake.

Mtoto alipona homa. Nyonga haikupona. Daktari alisema mfupa ulikosa damu siku nyingi, ukafa sehemu. Sasa anachechemea, bega moja linashuka kila hatua, na gauni lolote utakalomvisha linaning'inia upande. Fundi alitaka kumshonea pindo refu upande mmoja ili lionekane sawa kwa nje. Akashika kitambaa, akakitazama, akakirudisha. Akamuuliza kwanza. Mtoto akasema, "Liache lilivyo." Likaachwa.

Kinyozi ananyoa bado, lakini watu hawaendi tena bila nywele. Ananyoa kimya, anauliza tu, "Nyuma nipunguze?" Mwalimu alihamia kwa kinyozi mwingine.

Na Fundi tunasali naye. Mwanzo alikuwa anaomba mtoto apone. Baadaye akaomba arefuke kidogo. Siku hizi nikiwa nimepiga magoti karibu naye namsikia anaomba apige kelele. Sijawahi kumsikia mzazi mwingine akiomba hivyo, na sijui kama Mungu amezoea.

Majuzi shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, foleni ikajaa kama kawaida. Nilikuwa pale na mjukuu wangu, anaongezewa pindo. Binti wa Fundi yuko kwenye kigoda, kopo la pini mapajani, uso wake hauna kitu. Fundi alikuwa amepiga goti sakafuni, anampima mjukuu wangu. Akageuka kuchukua pini. Akaona pembe ya kola iko mdomoni mwa binti yake, na jasho liko juu ya mdomo, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Fundi akaiachia futi ikaanguka. Akasogea kwa magoti yale yale mpaka kwenye kigoda, mbele ya foleni yote, mbele ya Mama Mkaa aliyekuwa amekuja na sare, akaitoa kola mdomoni mwa mtoto kwa vidole viwili. Akamwambia:

"Mwanangu, sikuombi uniamini tena. Ukiumwa, niambie unaumwa."